Tundu la Kiti

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Nadhifu, naye alilijua, na moyoni alilipenda. Alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye chaki haikuwahi kumchafua sketi. Ubao wake ulifutwa kutoka juu kwenda chini, si kwa kuzungusha mkono ovyo kama anayepangusa meza ya chai, na mwanafunzi aliyepiga mstari bila rula alirudishiwa daftari lake halijaguswa. Mkali alikuwa, ndiyo, lakini wazazi walimgombania. Mtoto akikaa naye muhula mmoja tu, hata mwandiko wake ulishika adabu.

Kitu kimoja kilimshinda: grafu za kipeo cha pili. Kila mwaka wimbo ulikuwa ule ule. Wanafunzi walihesabu jedwali vizuri, wakaweka nukta zao mahali pake, halafu wakashika rula na kuziunganisha nukta moja hadi nyingine, mpaka grafu ikatoka na magoti na viwiko. Akiwanyang'anya rula, walichora kwa mkono, na pale chini inapogeuka wengine waliichonga ncha kama penseli, wengine wakailaza kama sakafu.

"Iwe laini!" alisema mpaka sauti ikamkauka. "Si ncha, si sakafu. Laini!"

"Ndiyo, mwalimu," waliitikia kwa pamoja, kisha wakainama na kuchora ncha.

Hapo ndipo kiti kilipoingia. Viti vya shule vilikuwa vile vya chuma na mbao nyembamba, ambavyo karibu kila shule inavyo, vyenye tundu kwenye egemeo la kupitishia vidole unapovibeba. Siku moja kimoja kilivunjika, na Bi Nadhifu akaliokota egemeo ili akalitupe. Vidole vyake vikapita kwenye ukingo wa chini wa lile tundu. Ulikuwa laini, hauna ncha wala sakafu. Akasimama nalo pale mlangoni kama aliyeokota pete. Kuanzia kesho yake, ubaoni alichora kwa kufuata kona ya mviringo ya egemeo, na kwa ajili ya madaftari aliwaagiza wanafunzi kila mmoja alete kipande cha boksi, akibandike kwenye tundu la kiti chake, apitishe penseli kwa ndani, na akate. Vipande vile viliingia kwenye mikebe ya hesabu, na grafu za shule nzima zikanyooka kwa wiki moja.

Sasa tuseme ukweli, maana bila huo hapa hakuna cha kusimulia: Bi Nadhifu alijua. Hesabu aliisoma chuoni na kuifaulu. Alijua kwamba namba iliyo mbele ya ile x yenye kipeo ikikua, grafu inabanana, na ikipungua, grafu inatanuka. Alijua kwamba mikono ya grafu ile haisimami wima hata siku moja. Inazidi kuachana mpaka karatasi iishe. Tundu la kiti halijui hayo. Tundu la kiti lilichongwa kwa ajili ya vidole. Mwanzoni alijiambia ni la muda tu, la kuwazoesha ulaini. Lakini mkaguzi akapita, akafunua madaftari, akasema hajapata kuona grafu nadhifu namna ile, na mkuu wa shule akawaita walimu wengine waje wajifunze. Baada ya sifa zile, kurudi nyuma kukawa kugumu. Majaribio aliyatunga mwenyewe, na bila kujiuliza sana akajikuta anatunga maswali yanayokaa kwenye kiti.

Darasa la mwisho lilikuwa na msichana ambaye wenzake walimwita Kwanini, kwa sababu neno hilo ndilo lililokuwa chumvi ya maneno yake yote. Siku moja alikuja mbele na swali alilolitoa kwenye kitabu cha zamani cha kaka yake.

"Mwalimu, nukta zangu mbili za pembeni hazikai."

"Hazikai wapi?"

"Kwenye boksi. Nikiliweka, zinabaki nje. Kwa nini?"

Bi Nadhifu aliitazama karatasi. Nukta zilikuwa sahihi. Aliona papo hapo, kama mpishi anavyoona wali ulioiva. Angeweza kusema. Ingemchukua dakika chache na kumgharimu kile kiti. Darasa zima lilikuwa linamtazama, mikebe wazi mezani, vipande vya boksi ndani yake.

"Nukta ikibaki nje, kosa ni la nukta," alisema. "Rudi ukahesabu."

Kwanini alirudi, akahesabu, akaja tena. "Nimepata vile vile, mwalimu."

"Basi umekosea vile vile."

Darasa likaangua kicheko, na Bi Nadhifu akajiona hodari wa maneno. Msichana alikwenda kuketi, akafungua mkebe, akatoa raba. Swali lile hakuliuliza tena.

Mtihani wa taifa ulifanyika, na baada ya wiki chache barua ikaja: Bi Nadhifu ameteuliwa kusahihisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mama yake mzazi aliupigia simu ukoo wote, kuanzia mashangazi mpaka wakwe wa mashangazi, kuwatangazia kwamba mwanawe sasa anasahihisha nchi nzima. Bi Nadhifu alimkanya, lakini si kwa nguvu. Alinunua peni nyekundu mpya na kitambaa cha kufutia meza.

Kazi ilifanyika katika bwalo la chakula la shule moja ya bweni. Meza ndefu zilipangwa safu, kila meza na swali lake, na yeye akaangukia meza ya grafu. Karatasi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, na zilikuja zimefungwa mafungu mafungu, kila fungu la kituo kimoja, yaani shule moja. Sheria ilisomwa siku ya kwanza: msahihishaji hasahihishi wanafunzi wake, na akizitambua karatasi zao, aseme mara moja aondolewe. Kiongozi wa meza alikuwa mwalimu mkongwe aliyeitwa Mzee Nusu, kwa sababu katika maisha yake yote hakuna aliyemwona akitoa nusu alama. Kwake jibu lilikuwa lipo au halipo. Jirani wa Bi Nadhifu mezani alikuwa mama mnene anayecheka kwa mabega, ambaye hata Mzee Nusu alimwita Shangazi.

Siku kadhaa zilipita kwa utulivu. Bi Nadhifu aliona ncha, aliona sakafu, aliona magoti na viwiko, akapiga mikwaju ya peni nyekundu kwa roho safi na kuwahurumia walimu wa watoto wale. Alijiambia kwamba wengine hawajui kufundisha.

Asubuhi moja Shangazi alifungua fungu jipya, akatazama karatasi ya kwanza, na mabega yakaanza.

"Jamani, njooni muone kituko! Huyu kanichorea goli la mpira!"

Walimu wakainuka kuchungulia. Bi Nadhifu naye aliinama. Jedwali lilikuwa sahihi lote. Nukta zilikuwa sahihi zote, kila moja kwenye kisanduku chake. Lakini mkunjo haukuwa na habari nazo. Ulianza chini vizuri, laini, ukapanda, kisha ukasimama wima pande zote mbili kama milingoti, na zile nukta za mwisho, huku na huku, zikabaki nje kama wageni waliofungiwa mlango.

"Nukta ziko huku, grafu iko kule!" Shangazi alisema akijifuta machozi. "Sasa nukta aliziweka za nini? Mapambo?"

Meza nzima ikacheka. Bi Nadhifu aliujua mkunjo ule kama anavyoujua mwandiko wake. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Naye akacheka. Alicheka kuliko wote, akapiga na meza kofi, kwa hofu kwamba asiyecheka ndiye atakayetazamwa. Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu alikuwa ameliona, na alicheka ili wenzake wasilione.

"Huyo mwalimu wao," alisema mmoja, "ningependa kumwona sura."

"Atakuwa ana sura ya goli," Shangazi akajibu, na kicheko kikaanza upya.

Karatasi ya pili ilikuwa na mkunjo ule ule. Ya tatu pia. Kufikia katikati ya fungu hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mzee Nusu aliitwa. Alichukua karatasi mbili, akazipandanisha, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mikunjo ikalaliana, hakuna hata unywele uliopishana.

"Hawa wamenakili," alisema.

"Kituo kizima, mzee?" Shangazi aliuliza.

"Kituo kizima. Mtoto mmoja akikosea, ni bahati mbaya. Wote wakikosea kosa moja kwa kipimo kimoja, hilo si kosa, hiyo ni biashara. Kuna kitu kilipitishwa chumbani." Aliziweka karatasi chini taratibu, kwa namna ya mtu asiyefurahia anachokwenda kufanya. "Naandika taarifa. Matokeo ya kituo yazuiwe. Baada ya chai tutaisaini sote, iende leo."

Wakati wa chai Bi Nadhifu alisimama nje karibu na mabomba, kikombe mkononi, chai ikapoa bila kuonjwa. Alikuwa amewafundisha watoto wale miaka yao yote ya mwisho. Matokeo yakizuiwa, hakuna atakayekwenda mbele mwaka huu, na neno mdanganyifu litawaganda kama utomvu kwenye nguo. Akisema, wao watapona. Akisema, atasimama mbele ya watu waliocheka naye, na neno litarudi shuleni kabla yake, kwa mkuu wa shule, kwa mkaguzi, kwa mama yake na ukoo mzima uliopigiwa simu. Alitafuta njia ya tatu. Labda taarifa itachunguzwa na ukweli utajitokeza wenyewe bila yeye. Labda wanafunzi watajieleza. Alijionea kinyaa kwa kuwataka watoto wajitetee kwa kosa lake, lakini kinyaa hakikumfanya aseme. Kengele ikalia naye akarudi mezani.

Mzee Nusu alikuwa bado anaandika. Shangazi, ambaye mzaha wake ulikuwa umekwisha, alimsogezea nusu ya fungu.

"Dada yangu, nisaidie kuzipitia hizi. Macho yangu yamechoka na milingoti."

Bi Nadhifu alizipitia bila kusoma. Kisha mkono ukasimama wenyewe. Kwenye jedwali la karatasi moja, mwanzoni na mwishoni, kulikuwa na saba mbili, na kila saba ilikuwa na kistari cha kuikata katikati, kama mkanda kiunoni. Isipokuwa Kwanini, hapakuwa na mwanafunzi darasani kwake aliyezifunga saba zake mkanda. Alikuwa amemgombeza kwa ajili ya mikanda ile zaidi ya mara moja.

Kwanini alikuwa ameziweka nukta zake mahali pake. Alama zilikuwa bado zinaonekana, pale juu pembeni kabisa, kushoto na kulia, kwenye saba na saba. Kutoka hapo mkunjo wake wa kwanza ulikuwa umepita, wa mkono mtupu, ukitetemeka kidogo lakini sahihi, ukipita kwenye kila nukta na kuzidi kutanuka kama inavyotakiwa. Kisha ulikuwa umefutwa. Raba ilikuwa imesugua mpaka karatasi ikaota manyoya. Juu yake ulikaa mkunjo wa tundu la kiti, mweusi na safi, na zile nukta mbili zilikuwa zimesogezwa ndani zikae juu yake. Pembeni, kwa herufi ndogo za penseli, msichana alikuwa ameandika: Samahani, nukta zangu zilikataa. Nimezirekebisha.

Bi Nadhifu aliifunika karatasi kwa kiganja, kama mtu anavyofunika jeraha la mwingine barabarani. Aliona aibu ambayo haikuwa na uhusiano tena na Shangazi wala na meza ile. Mtoto alikuwa amepata, peke yake, katikati ya mtihani, kwa mkono wake. Halafu akaomba radhi kwa kupata.

"Haya," Mzee Nusu alisema, akasimama na taarifa. Aliisoma kwa sauti. Kulikuwa na maneno udanganyifu wa pamoja. Kulikuwa na maneno kituo chote. Akaiweka mezani, na wasahihishaji wakaanza kuisaini mmoja mmoja, kichwa chini, kwa sababu hakuna mwalimu anayefurahia kazi ile. Ilipofika kwa Shangazi alitikisa kichwa, akasaini, akaisogeza.

Bi Nadhifu alishika peni. Alijiegemeza nyuma apate pumzi, na mgongo wake ukahisi tundu. Siku zote zile alikuwa ameketi juu ya kiti cha namna ile ile, cha chuma na mbao nyembamba, chenye tundu la vidole. Bwalo zima lilikuwa limeketi juu ya viti hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, waliokula chumvi nyingi walisema. Cha kwake kilikuwa mgongoni. Akaweka peni chini na kusimama.

"Mzee, hawajanakili."

"Umejuaje?"

"Ni wanafunzi wangu."

Mzee Nusu alivua miwani.

"Unaijua sheria. Ulitakiwa useme asubuhi."

"Naijua. Sikusema." Akakohoa. "Hawakunakili, mzee. Mkunjo huu niliwapa mimi."

Akageuza kiti chake, egemeo likawaelekea. Akachukua karatasi ya Kwanini, akaibandika nyuma ya tundu. Ukingo wa chini wa tundu ukaulalia mkunjo, na pande mbili za tundu zikaifunika ile milingoti. Mzee Nusu alizunguka meza, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akaomba karatasi nyingine. Ikakaa. Akaomba nyingine, kutoka chini ya fungu, nayo ikakaa.

"Kwa hiyo walitumia kiti," alisema.

"Walikata boksi kwa kufuata kiti. Kila mmoja analo kwenye mkebe wake."

"Na aliyewaagiza wakate ni nani?"

Alikuwa amekwisha sema, lakini mzee alitaka lisemwe hivyo, jina la kitu na mwenye kitu.

"Mimi."

"Ulikuwa hujui kwamba si sahihi?"

Hapo mlango wa kutokea uliachwa wazi. Angesema hakujua, wangemhurumia. Mjinga husamehewa upesi kuliko mwingine yeyote. Aliutazama mlango ule, na chini ya kidole chake akaziona zile herufi ndogo za penseli.

"Nilijua," alisema. "Grafu zilikuwa nadhifu."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa anatazama kucha zake. Mzee Nusu aliichukua taarifa, akaikunja, akaichana vipande, na bila kuinua sauti akaeleza kinachofuata: watoto hawatazuiwa; jedwali litapata alama zake; nukta zilizo sahihi zitapata zake; mkunjo hautapata kitu, kwa yeyote. Mwalimu ataondoka leo, kwa sababu ya sheria, na maelezo yataandikwa.

"Mzee," Bi Nadhifu alisema. "Huyu mmoja. Nukta zake zilikuwa sahihi. Mkunjo wake pia. Tazama, raba inaonyesha."

"Naona."

"Basi?"

"Nasahihisha kilichoandikwa, mwalimu. Sisahihishi kilichofutwa."

"Hata nusu?"

Neno lilimponyoka. Siku nyingine meza ingelipuka kwa kicheko, maana kila mtu alilijua jina la mzee isipokuwa yeye mwenyewe. Mzee Nusu alivaa miwani yake na kutikisa kichwa.

Bi Nadhifu alifungasha peni na kitambaa. Shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika bega, akamwachia. Pengine ilikuwa huruma. Bi Nadhifu angependa zaidi matusi. Akiwa njiani mama yake alipiga simu kuuliza kazi inaendaje, naye akajibu kwamba imeisha mapema, na mama akamsifu kwa wepesi.

Neno lilimtangulia shuleni kama alivyoogopa. Mkuu wa shule alimwita, akamwandikia onyo, na hakumtazama usoni alipolikabidhi. Kwenye chumba cha walimu mazungumzo yalikatika alipoingia, na asubuhi moja alikuta kiti chake kimegeuzwa, tundu likitazama mlango. Hakuuliza ni nani. Alikigeuza, akaketi, akafungua jedwali la vipindi.

Darasa jipya aliliambia siku ya kwanza, kwa maneno machache kuliko aliyokuwa ameyapanga: "Mliosikia kuhusu kiti, ni kweli. Vile vipande vya boksi mlivyorithi kwa kaka na dada zenu, leteni." Alivikusanya kwenye ndoo. Kisha akawatoa nje.

Uwanja wa shule ulikuwa umetandikwa vigae vikubwa vya mraba, karatasi ya grafu ya kutosha darasa zima, ambayo alikuwa ameipita kila siku bila kuiona. Akachora mihimili miwili kwa chaki, akawapa wanafunzi namba zao, akawaambia kila mmoja aizidishe namba yake kwa namba hiyo hiyo na apande vigae vingi kiasi hicho. Walipiga kelele, wakagombana, wakahesabu kwa vidole, wakapanda. Wa sifuri alibaki chini. Wa moja na wa hasi moja wakapanda kigae kimoja, wa mbili na wa hasi mbili wakapanda vinne.

"Ina ncha!" alisema mmoja kutoka juu. "Mwalimu, pale chini ina ncha!"

Bi Nadhifu alifungua kinywa aseme laini. Akakifunga. "Kati ya sifuri na moja kuna mtu?"

"Hakuna."

"Mpelekeni."

Wakampeleka mwenzao kwenye nusu. Nusu mara nusu, wakabishana, ni robo. Akasimama robo ya kigae tu, karibu sana na chini, chini kuliko walivyotegemea. Wa upande wa pili akafanya vile vile. Wakapeleka wa robo, naye akakaribia kulala chini kabisa. Darasa likatazama ile ncha ikiyeyuka mbele yao, mtu kwa mtu.

"Kumbe inalala kidogo kidogo," alisema yule wa juu, polepole. "Haigeuki ghafla. Inalala."

Mwaka huo ndipo Bi Nadhifu alipoanza kufundisha, na alijua ni miaka mingapi ya kazi yake ilikuwa imekwisha pita.

Matokeo yalitoka. Baada ya siku chache, darasa likiwa tena uwanjani, safari hii kila mmoja akizidisha kimo chake mara mbili, na wa pembeni wakikimbilia ukutani huku wa sifuri akilalamika kwamba yeye peke yake hasogei, Bi Nadhifu aliona watu wawili wamesimama kivulini kwenye kibaraza. Mmoja alikuwa mama mwenye khanga ya kutokea. Mwingine alikuwa Kwanini.

"Shikamoo, mwalimu," msichana alisema.

"Marahaba."

"Mwalimu, tumekuja kukushukuru," mama alisema, akiushika mkono wake kwa mikono miwili. "Kapata hesabu. Si kwa kishindo, lakini kapata, na shule ya mbele kachaguliwa. Namwambia kila siku, bila huyu mama yako wa pili usingefika. Mungu akuzidishie."

Kila neno lilimchoma. Alitaka mikono ile imwachie, na haikumwachia. Msichana alikuwa anatazama uwanjani, wenzake wadogo walivyojipanga kwenye vigae, mikono miwili ya grafu ikizidi kuachana mpaka ukutani. Aliutazama mkunjo ule kutoka chini mpaka juu, upande mmoja, kisha mwingine.

"Nukta zako zilikuwa sahihi," Bi Nadhifu alisema. "Siku ile darasani. Na kwenye mtihani. Zile saba mbili za pembeni ulizozifuta. Ulichora sawa tangu mwanzo. Kosa halikuwa la nukta. Lilikuwa la kiti, na kiti nilikileta mimi, na nilijua."

"Kiti gani?" mama aliuliza, akicheka kwa kutoelewa.

Msichana alikuwa ameelewa. Maana ya maneno yale iliingia usoni mwake taratibu, ikapita, na Bi Nadhifu akasubiri. Alikuwa tayari kwa neno lile. Kwa nini ulinirudisha. Kwa nini uliwaacha wanicheke. Kwa nini hukulisema hili mpaka leo. Alikuwa amekwisha jiapiza kwamba atajibu lolote, mbele ya mama, mbele ya darasa, bila kujificha nyuma ya kitu. Alimtazama msichana mdomoni, akilisubiri.

"Ndiyo, mwalimu," msichana alisema.

Mama akamkumbusha kushukuru, naye akashukuru, kwa adabu zote. Wakaaga. Bi Nadhifu aliwatazama mpaka wakapita lango, kisha akageuka. Uwanjani darasa zima lilikuwa bado limesimama kila mtu kwenye nukta yake, likisubiri aliambie pa kwenda.